Kwetu Vijiti Vinne

Mjini, 3 Machi

Ndiyo, Shangazi, kazi ninayo, na si ile unayoifikiria. Breki kanifikishia maswali yako yote matatu kwa mpigo, mguu mmoja ndani ya lori la maziwa na mwingine nje, kwa hiyo nami nakujibu kwa mpigo: kazi ninayo, sijaoa, na kikohozi kimepona. Shikamoo. Najua shikamoo ilitakiwa itangulie, lakini nimeona nikutoe wasiwasi kwanza. Heshima haichachi kama maziwa.

Mzee wako naye mwambie shikamoo, na goti lake mpe pole. Mimi bado nakaa chumba kilekile nyuma ya saluni. Mwenye saluni ndiye mwenye nyumba. Akiwasha mashine ya kukaushia nywele, umeme wangu unakatika, akiizima unarudi. Kwa hiyo kila harusi ya mtaa huu naijua siku moja kabla, nikiwa gizani na shati nusu nimepiga pasi.

Sasa kazi. Viatu vya mitumba niliviacha, kava za simu niliziacha, na ile biashara ya miavuli iliniacha yenyewe, kwa sababu mvua haikuja. Siku hizi mimi ni mtu wa kampuni ya simu. Usicheke. Nina fulana ya kung'aa yenye mistari, nikivuka barabara magari yananisubiri kama natoka na mgonjwa.

Cheo changu ni mpimaji. Vile vijiti vinavyopanda kama ngazi pembeni ya kioo cha simu unavijua? Vikiwa vitano mtandao umejaa. Vikiwa sifuri simu yako ni tochi. Basi mimi napewa begi lenye simu tatu na fomu, natumwa kijijini, natembea, kila baada ya saa mbili nasimama naandika vijiti vingapi. Wenye pesa wanapima kwa gari lenye mitambo, sisi tunapima kwa miguu na kalamu. Nikirudi, injinia anachukua fomu yangu anapaka rangi ramani iliyojaa ukuta mzima: kijani mtandao mzuri, njano wa kubabaisha, nyekundu hakuna kitu. Penye nyekundu ndipo wanapojenga mnara. Yaani mnara unasimama au hausimami kwa kalamu yangu mimi, niliyeachana na shule darasa la sita kwa ugomvi na hesabu.

Injinia mwenyewe ni mama mmoja asiyecheka na asiyegomba, na hicho ndicho kinachotutisha. Lakini tunaelewana. Kwa hiyo, Shangazi, ukiwa na shida yoyote ya mtandao, wewe au jirani yako, usihangaike kuzunguka. Niambie mimi. Ofisi yote ipo mkononi mwangu.

Mwanao,
Mpimaji


Nyumbani, 21 Machi

Marahaba, mwanangu. Heshima haichachi, ni kweli, ila yako inapenda kuja nyuma ya mkia.

Barua yako imelala kwenye lori siku kumi na mbili, kwa sababu lori halikufika. Hapo ndipo penye maneno, lakini kwanza pokea ya nyumbani. Mzee goti limempa fimbo, na fimbo imempa ukubwa: sasa anaingia kwa watu anasubiri ainuke mtu ampishe kiti, asiyeinuka anamnunia wiki nzima. Ng'ombe mweusi kazaa dume, kwa hiyo hakuna aliyempongeza. Mimi mzima.

Haya. Lori la Breki lina njia mbili, ya kwetu na ya ng'ambo ya mto, na kila asubuhi linafuata moja tu. Breki anawapigia wenyeviti wa vituo kuuliza nani ana maziwa ya kutosha. Anayepokea simu ndiye anayepata lori. Ng'ambo wanapokea. Mimi, mwenyekiti wa akina mama thelathini na mmoja, nakaa kituoni simu nimeishika mkononi kama yai, na Breki huko aliko anaambiwa haipatikani. Mtandao tunaupata juu ya mwamba tu, nao ni wa kuvizia, na kupanda ni saa nzima. Nikifika juu ninahema, Breki ameshavuka daraja la ng'ambo. Mwezi huu tumemwaga mara kumi na mbili. Mbwa wa hapa wameyanywa mpaka wanayakimbia.

Kiwanda cha maziwa kimeleta meneja mpya wa njia za malori. Ametoa amri: kituo ambacho mpaka tarehe 30 Juni hakipatikani kwa simu, kinafutwa, lori haliji tena. Lori likifutwa, kikundi kimekufa, wewe mwenyewe unajua hapa hakuna mnunuzi mwingine. Wenzangu wanasomesha kwa maziwa hayo.

Nikajitia msomi, nikaiandikia hiyo kampuni yako kuomba mnara. Wamenijibu kwa karatasi nzuri yenye nembo. Wanasema kwa mujibu wa vipimo vyao kijiji chetu kina mtandao mzuri, vijiti vinne, na kwamba tukague simu zetu. Nikampelekea meneja ile barua aone ninavyohangaika. Akaisoma yote, akanirudishia taratibu. Sasa anasema mtandao tunao, tunazima simu kwa makusudi ili maziwa tuyauze pembeni.

Umesema ofisi ipo mkononi mwako. Kunjua vidole basi, uniangalizie: ni nani aliyekuja kupima huku kwetu? Sisi hatukuona mgeni yeyote.

Shangazi yako,
Mwenyekiti Asiyepatikana


Mjini, 9 Aprili

Shikamoo, Shangazi, safari hii imetangulia, umeiona. Mzee mwambie mimi nikija nitainuka kabla hata hajaingia. Na dume mpongezeni tu, hakuchagua.

Huku kwema. Wiki iliyopita mwenye saluni alikuwa na bibi harusi wawili kwa siku moja, nimekaa bila umeme tangu asubuhi mpaka jioni. Nikamwomba apunguze moto, akaniuliza kama mimi ndiye ninayeolewa.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nimeulizia, Shangazi. Ofisi ni kubwa. Fomu zinakaa kwenye kabati, kabati lina ufunguo, na mwenye ufunguo yuko likizo ya uzazi, kajifungua mapacha, kwa hiyo hata akirudi atarudi amechoka. Sitaki kukupa tumaini la bure.

Ila nikushauri kitu, na si kwamba namtetea mtu. Tusimhukumu huyo mpimaji. Mtandao ni kitu cha hewani, leo upo, kesho haupo, huenda siku ile ulikuwepo ukapita zake. Au alikuwa mtu mwema tu, kaja na jua la saa sita, kile kilima unakijua, begi zito, tumbo tupu. Na kuna watu wengine, Shangazi, wanaandika kwa mapenzi. Mtu anaweza kukipenda kijiji mpaka mkono ukateleza. Nasema kwa mfano.

La muhimu tutafute dawa. Nimempa Breki kifaa nilichokiunda kwa mkono wangu, kimenichukua siku tatu: mfuniko mkubwa wa sufuria, waya wa shaba na mti wa ufagio. Funga simu katikati ya mfuniko, simamisha juu ya paa la kituo, elekeza kule ng'ambo, halafu mtu mmoja awe anaugeuza pole pole mpaka mwenzake wa chini apige kelele. Kwa mtu wa saluni hapa kimekamata mpaka redio ya nchi jirani.

Pia nina simu ndogo za batani, mpya, zimefungwa kwenye nailoni. Zinasikia kuliko hizi za kioo. Kwa kikundi chako nafanya bei ya familia.

Mwanao


Nyumbani, 30 Aprili

Marahaba. Mzee anakusalimu. Kakaa kwenye kile kigoda cha jikoni kwa bahati mbaya, goti likagoma, ikabidi ainuliwe na wanaume wawili, na tangu siku hiyo hamnunii mtu. Dume tumemwita Asante.

Mwenye ufunguo mpe hongera ya mapacha.

Mfuniko umefika. Tumeufunga kama ulivyosema, mzee akashika ufagio, mimi nikashika simu, akina mama wakashika mbavu. Haukukamata kitu ila kunguru mmoja. Sasa tunafunikia pipa la maziwa, na hapo nakusifu kabisa, unakaa sawasawa kama ulipimwa. Simu za batani hatuzihitaji. Simu zetu hazina ugonjwa, mwanangu. Zinasema kweli, ndiyo shida yake.

Meneja ametuletea onyo kwa maandishi. Wenzetu wawili wamejitoa, mmoja kauza ng'ombe. Aliniaga vizuri tu, hakunilaumu, akaniambia, "Mama Mwenyekiti, labda uwape hicho kiti ng'ambo." Nimekaa na maneno hayo siku tatu.

Niliiandikia kampuni mara ya pili. Nikawaambia sitaki mnara, nataka tu nakala ya hicho kipimo. Wameileta, wala hawakuzungusha. Inaonekana kabati limefunguka. Jina la mpimaji wamelifuta kwa wino mweusi, lakini tarehe wameiacha, 14 Novemba. Nakunukulia: saa nne asubuhi, shambani, vijiti vinne. Saa sita mchana, kituo cha maziwa, vijiti vinne. Saa nane, nyumba za karibu na kisima, vijiti vinne. Saa kumi, penye mwamba, vijiti vitano.

Mzee ana kumbukumbu ya tarehe, unamjua. Anasema siku hiyo ndiyo ulipotutembelea ghafla, ukasema unapita tu kutusalimu. Ulifika saa nne. Ulikula, ukatandikiwa mkeka kibarazani, ukalala mpaka saa kumi, na yeye ndiye aliyekaa anafukuza kuku wasikalie lile begi lako. Anasema lilikuwa likilia ndani, ti, ti, ti, akadhani ni saa ya mezani.

Nilikuandikia kwamba hatukuona mgeni. Ni kweli. Mgeni hatukumwona.

Labda huyo mpimaji alipita ukiwa umelala. Nauliza tu.

Shangazi yako


Mjini, 16 Mei

Shikamoo, Shangazi. Mzee shikamoo yake. Asante naye nimempenda kabla sijamwona.

Inawezekana kabisa alipita nikiwa nimelala. Unajua usingizi wangu.

Mimi mzima, kazi inaendelea vizuri, tena vizuri mno. Juzi nimepewa cheti cha Mpimaji Bora, kwa sababu fomu zangu zinarudi mapema na ramani zangu zina kijani kingi. Mkubwa wa injinia alikuja mwenyewe, akanishika mkono mbele ya watu, tukapiga picha. Kuanzia mwezi ujao nitakuwa nasimamia wapimaji wenzangu watatu. Cheti wamekitundika karibu na mashine ya maji, kwa hiyo kila mwenye kiu ananiona.

Nilitaka nikuandikie mengi lakini Breki ananipigia honi. Saluni umeme umekatika.

Mwanao


Nyumbani, 30 Mei

Marahaba, na hongera ya cheti. Mzee kaomba nimsomee mara mbili, akasema ukoo wetu haujawahi kuwa bora kwa jambo lolote, tuanzie hapo.

Sina habari nyingi. Imebaki mwezi mmoja. Nataka ujue lililotokea juzi, maana Breki alikuwepo, na sitaki ulisikie kwake likiwa limetiwa chumvi.

Meneja alikuja mwenyewe kituoni asubuhi, akina mama wote wapo, madumu yamepangwa. Nikamweleza tena, kwa upole, kama ninavyokueleza wewe. Akatoa simu yake ya kioo, akafungua ramani ya kampuni yenu, akaigeuza kila mtu aone. Kijiji chetu kijani kibichi, kama majani ya mvua. Simu ileile haikuwa na hata kijiti, ramani alikuja nayo ameihifadhi kutoka mjini, lakini hilo hakuliangalia. Akasema, "Mama, kuwa mtu mzima si ruhusa ya kusema uongo."

Nina miaka hamsini na nane. Nimeitwa mkali, nimeitwa bahili, niliwahi kuitwa mchawi na mtu aliyelewa. Mwongo sijaitwa. Wenzangu waliangalia chini, mwanangu. Hawakuniangalia mimi wala yeye. Yule aliyesimama karibu yangu akaanza kukaza kifuniko cha dumu ambalo lilikuwa limekazwa.

Fomu sijamwonyesha mtu zaidi ya mzee. Wameniuliza kama nimempata aliyepima, nikawaambia bado natafuta. Huo ndio uongo wangu wa kwanza kwao, na nimeusema kwa ajili yako.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hii yako naona ina kona nyingi.

Shangazi yako


Mjini, 11 Juni

Shikamoo, Shangazi. Shikamoo mzee. Habari za huku nitazifupisha: mwenye saluni mzima, na cheti changu hakipo tena ukutani, umebaki msumari.

Ni mimi. Hakupita mtu nikiwa nimelala. Nilipita mimi, nikalala mimi, na ile ti, ti, ti kwenye begi zilikuwa simu za kampuni zinatafuta mtandao mpaka zikachoka.

Nikueleze ilivyokuwa, halafu unihukumu vizuri. Siku moja kabla nilipima ng'ambo ya mto. Nikapata vitatu. Vitatu vya halali, Shangazi, nilivipima mara mbili kwa chuki. Wale walioniita mtoto wa mlima usio na maji tangu nikiwa na kaptura, wana vijiti vitatu. Kesho yake napanda kwetu, kona ya kwanza kimoja, kona ya pili sifuri, na sifuri mpaka mlangoni kwako. Nikakaa kibarazani na fomu. Fomu ile inasomwa na ofisi nzima. Nikajiona naandika kwa mkono wangu mwenyewe kwamba ng'ambo tatu, kwetu sifuri. Mkono ukakataa. Nikatupatia vinne. Mwamba nikauongezea kimoja kwa heshima. Baada ya hapo nililala vizuri sana, kama mtu aliyefanyia kwao jambo.

Nilidhani ni kama maksi za shule. Kwamba mwenye nyingi ndiye anayepewa zawadi. Kazi ile kila siku naifanya, najua penye nyekundu ndipo wanapojenga, nilikueleza mwenyewe kwa mdomo mpana, na bado siku ile akili haikuunganisha. Ilipounganisha nilikuwa nimeshapewa cheti.

Barua yako ya mwisho niliisoma nimesimama uani. Nikairudia pale penye kifuniko cha dumu. Kesho yake asubuhi nikaingia kwa injinia kabla hajanywa chai. Nikamwambia yote. Akaitafuta fomu, akaikuta, akanyoosha kidole.

"Hivi vinne umevitoa wapi?"

"Ni kwetu, Mama."

Akaiweka fomu mezani. "Na ukioa, kwa wakwe zako utaweka sita?"

Nikamwambia sijaoa. Akaniambia anaona sababu.

Nikadhani atafuta vinne aandike sifuri, tumemaliza. Kumbe hapana. Kompyuta haikubali. Ili kijiji kipimwe upya lazima kiwe na malalamiko, na malalamiko ya kijiji chenye vijiti vinne kompyuta inayatupa yenyewe, inasema hawa wana mtandao mzuri wanalalamikia nini. Barua yako ya kwanza ilitupwa hivyo, Shangazi, hakuna binadamu aliyeikataa. Dawa ni moja tu: mpimaji aandike tamko kwamba alidanganya, atie sahihi, na mkubwa wake atie sahihi. Mkubwa wake akaja. Ndiye yule aliyenishika mkono. Alisoma tamko langu, akauliza kama haiwezekani kusubiri mpaka mwaka uishe, kwa sababu ile ramani ya kijani wameshaipeleka mbali na imewapa sifa. Injinia akamsogezea kalamu tu.

Basi wakakagua fomu zangu zote, vijiji kumi na kimoja. Kumi ni kweli tupu, kijiti kwa kijiti. Nimedanganya nyumbani peke yake. Injinia alisema hajawahi kuona mwizi anayeiba kwao na kuwalindia majirani.

Upimaji nimevuliwa, usimamizi ulikufa kabla haujazaliwa, fulana nimeirudisha. Lakini kwetu sasa ni nyekundu, Shangazi, nyekundu kama nyanya. Nimeiona kwa macho yangu inapakwa. Nilifurahi kama mjinga.

Mnara wenyewe, wa chuma na wa kudumu, si wa mwaka huu. Wakianza kupanga mwakani, tushukuru. Lakini uani kwa kampuni kuna mnara wa magurudumu. Ni trela, lina mlingoti unaokunjuka na jenereta tumboni, wanalipeleka penye mikutano na mechi kubwa, siku nyingine linakaa linakula vumbi. Injinia amekubali tuazimwe mpaka mwisho wa mwaka, kwa masharti matatu: kiwanja ambacho trekta linafika, sahihi ya mwenye kiwanja, na mtu wa kukaa nalo, kulilinda na kulijaza dizeli. Kiwanja ni pale penye zizi la zamani la mzee, mgongoni mwa kilima. Fundi kapiga hesabu zake, pale mnara wa ng'ambo unaonekana, kwa hiyo trela litaomba mtandao ng'ambo kama mtu anavyoomba chumvi. Ndiyo, ng'ambo. Mzee usimwambie mpaka likishawaka. Na mlinzi ameshapatikana. Waliitisha wa kujitolea, nikainuka peke yangu, wengine wakaangalia dirishani.

Sasa sikiliza makubaliano ninayokuletea.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya kiwanja. Mzee atie sahihi, mpe Breki, mkononi mwake, asiiweke kwenye kile kikapu chake cha mbele. Ikinifikia kabla ya tarehe 18, trela linaondoka tarehe 24 na fundi, linawashwa tarehe 26. Mimi sitakuja nalo, fundi atakaa nalo mpaka nipande. Tarehe 29, saa tatu asubuhi, nitakuwa nimekaa kiwandani mbele ya meneja wa njia. Nimeshamwomba miadi, nimemwambia nina habari za vituo vinavyozima simu kwa makusudi, akanikubalia haraka sana. Simu yangu nitaiweka mezani kwake, katikati, na sauti nimeifungua yote.

Wewe simama kituoni, si mwambani, akina mama wote wakiwa wamekuzunguka, na unipigie. Kwanza atasikia simu inalia kutoka mahali anaposema hakuna mkweli. Halafu atasikia sauti yako. Halafu mimi nitamweleza mwongo ni nani, siku gani, saa ngapi, alikula nini, na tamko lenye sahihi mbili nitalilaza mbele yake alisome. Sitainuka kwenye kile kiti mpaka akuombe radhi kwa sauti ya kusikika na wote waliosikia alivyokutukana. Hiyo ndiyo sehemu yangu.

Sehemu yako ni hii. Akishamaliza yeye, usikate. Waambie akina mama mpimaji alikuwa nani, waambie wewe mwenyewe, nami nikiwa hewani, halafu simu izunguke, kila mmoja anitukane anavyojisikia. Na wale wawili waliojitoa waitwe pia, na yule aliyeuza ng'ombe apewe zamu ya kwanza, apewe muda mrefu. Nitasikiliza yote, meneja akiwa shahidi, ili siku nitakayopanda kilima na godoro langu mniangalie mkiwa mmeshachoka kidogo.

Thelathini na mmoja ni wengi na maneno ya aina hiyo hayakatizwi katikati, kwa hiyo nimeweka vocha tatu kubwa ndani ya bahasha. Zikwangue kwa ukucha, usitumie kisu.

Ukikataa, niandikie. Ukikubali, usiniandikie tena, Shangazi. Piga.

Mwanao